Kulungu wa Pennsylvania: uwinde shamba la mtu kwa ruhusa, au ardhi ya jimbo?

Umemaliza darasa la usalama wa uwindaji, leseni unayo, bunduki au upinde upo nyumbani. Limebaki swali moja, na ndilo ninaloulizwa mara nyingi na Waswahili wenzangu hapa Lancaster, jimboni Pennsylvania, Marekani, wengi wao watu wa Kongo waliopitia kambi za Tanzania na Burundi: sasa niende wapi? Njia ni tatu. Unaweza kumwomba mwenye shamba akuruhusu kuwinda kwake, unaweza kwenda kwenye ardhi ya jimbo iliyo wazi kwa kila mwenye leseni, au ukalipa fedha na kukodi haki ya kuwinda mahali. Njia mbili za kwanza nimezitumia misimu sita, ya tatu msimu mmoja. Zina tofauti kubwa kuliko zinavyoonekana kwa nje, na nitasema wazi ni wapi ninaelemea.

Kwanza jina. Kulungu wa huku si yule wa kwetu. Wa kwetu ni jamaa wa tandala na pofu, na pembe zake hazianguki. Huyu wa Marekani ana mkia mweupe upande wa chini, huuinua kama bendera akishtuka, na dume huangusha pembe kila mwaka kisha akaota nyingine. Watu wetu wamezoea kumwita kulungu, nami nafuata hivyo.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwenye shamba hamiliki kulungu. Anayetoka Tanzania ataelewa haraka, kwa sababu kule ukikutwa na nyamapori bila kibali unashtakiwa kwa nyara za serikali, hata kama mnyama alianguka uani kwako. Pennsylvania nako mnyama wa porini ni wa wananchi wote, na msimamizi wake ni Tume ya Wanyamapori ya jimbo, iliyoundwa mwaka 1895. Ruhusa ya mkulima ni ya kukanyaga ardhi yake tu. Haiongezi siku za msimu, haibadilishi idadi unayoruhusiwa, wala haikuondolei wajibu wa kuvaa rangi ya chungwa inayong'aa, inchi za mraba 250 kichwani, kifuani na mgongoni, msimu wa bunduki. Niliwahi kumsikia kijana akisema, "Mwenye shamba mwenyewe kanikubalia, leseni ya nini tena?" Huyo anakwenda kuwa jangili huku akiaga kwa amani.

Na kwa sisi tuliohamia hapa kuna swali la karatasi kabla ya swali la shamba. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na ukaaji halali kushika bunduki au risasi, iwe yake au ya kuazima. Aliye na viza ya muda, ya masomo kwa mfano, naye amekatazwa, isipokuwa kwa masharti machache, mojawapo likiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani hana kizuizi hicho. Ambaye kesi yake ya hifadhi bado haijaamuliwa aongee na mwanasheria wa uhamiaji kabla hata ya kumshikia rafiki bunduki apande gari. Upinde hauhesabiwi kuwa bunduki katika sheria hiyo, na utaona baadaye kwamba upinde unafungua pia milango ya mashamba.

Ardhi ya jimbo

Tume inasimamia zaidi ya ekari milioni 1.5, zimegawanyika katika vipande zaidi ya 300. Ununuzi ulianza mwaka 1920. Juu ya hapo kuna misitu ya jimbo, ekari kama milioni 2.2, chini ya idara nyingine, nayo sehemu kubwa iko wazi kwa uwindaji. Humpigii mtu hodi. Ukitoka zamu ya usiku Jumatano na mwili bado una nguvu, unaweka gari mahali pa kuegesha, unaingia porini. Kwa mtu ambaye ratiba yake inapangwa na kiwanda au ghala, uhuru huo ni mkubwa.

Bei yake unailipa siku ya kwanza ya msimu wa bunduki, Jumamosi inayofuata sikukuu ya Shukrani, ile ya Alhamisi ya nne ya Novemba. Mwaka wangu wa kwanza nilifika saa kumi na moja alfajiri nikidhani nimewahi, nikakuta magari yamejaa na taa za vichwani zinapanda kilima kama mshumaa nyuma ya mshumaa. Kulipokucha niliona watu wanne wenye rangi ya chungwa kutoka pale nilipokaa. Kulungu aliyepita mbele yangu alikuwa anakimbia, mdomo wazi, amefukuzwa na mtu ng'ambo ya pili. Sikumpiga. Mnyama anayekimbia, huku hujui nyuma ya kichaka kuna nani, si wa kupigwa.

Wanaofanikiwa kwenye ardhi ya jimbo ni wale wanaotembea. Wawindaji wengi hawaendi mbali na barabara, na kulungu wanalijua hilo kuliko Tume yenyewe. Ukivuka kijito, ukapita kilomita moja na nusu kutoka kwenye magari, pori linabadilika. Lakini kila hatua uliyoingia nayo utatoka nayo ukiburuta mnyama wa kilo hamsini baada ya kumtoa matumbo. Mwenye mgongo mbaya alifikirie hilo kabla ya kufurahia ukimya.

Kuna na habari ya dungu. Naita dungu kile kiti au jukwaa la juu ya mti, kwa sababu ndilo neno letu la jukwaa la kulindia shamba, na kazi ni ileile ya kukaa juu na kungoja. Kwenye ardhi ya wanyamapori ya jimbo unaweza kuweka dungu la kuhamishika, kwa muda maalumu tu kuzunguka msimu, likiwa na jina na anwani yako au namba yako ya mwindaji, na huruhusiwi kuumiza mti kwa misumari au skrubu. Ukiliacha pale usiku, ukirudi unaweza kumkuta mwingine amelikalia. Na popote utakapopanda, shambani au msituni, jifunge mkanda wa usalama tangu mguu unapotoka ardhini, maana watu wengi huanguka wakati wa kupanda na kushuka.

Kwa anayeishi Lancaster kuna kasoro ya ziada: vipande vya jimbo vilivyo karibu ni vichache na hujaa. Pori kubwa liko kaskazini, wilaya za Potter na Tioga, safari ya saa tatu hivi kwa gari. Ni nchi nzuri mno. Lakini kwenda na kurudi ni siku nzima, na siku ndicho kitu tusichokuwa nacho.

Shamba la mtu, kwa ruhusa

Hapa ndipo ninapoelemea, na si kwa sababu ni bure.

Lancaster ni nchi ya mahindi, soya na majani ya ng'ombe, yenye vichaka na vijito katikati. Kulungu analala kwenye kichaka mchana, jioni anatoka kula shambani, alfajiri anarudi. Njia yake ni ileile hadi mvuto wa majike uwachanganye madume katikati ya Novemba. Ukikaa jioni tatu ukingoni mwa shamba na darubini, unajua atatokea wapi. Kwenye ardhi ya jimbo ujuzi huo huvurugwa na mtu wa kwanza atakayepita. Shambani, mkulima akiwa amekuruhusu wewe na wengine wawili tu, unadumu.

Mkulima naye ana sababu ya kukutaka. Kulungu hula soya changa ikiwa na majani machache, na mahindi yakianza kuweka maziwa. Mkulima aliyepoteza mistari kadhaa upande wa msitu hana haja ya kusikia kuhusu pembe kubwa, anataka majike wapungue. Ndiyo maana sentensi yenye nguvu kuliko zote ukibisha mlangoni ni hii: nitachukua majike. Baadhi ya wenye ardhi hujiandikisha kwa Tume wapewe nafasi za ziada za majike kwenye ardhi yao, nao huwapa wawindaji wanaowaamini. Kama humjui mkulima yeyote, ramani ya Tume inaonyesha mashamba ambayo wenyewe wamejiunga na mpango wa kupokea wawindaji. Hata huko, bisha.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Sheria inakataza kuwinda kwa bunduki ndani ya yadi 150, kama mita 137, kutoka kwenye nyumba inayokaliwa, bila idhini ya anayekaa humo. Chora duara hilo kuzunguka nyumba moja: linameza karibu ekari 15. Mwenye shamba anaweza kukuidhinisha kwa nyumba yake, lakini hawezi kumsemea jirani. Shamba la ekari 40 lenye nyumba tatu za majirani mpakani linaweza kukuachia kipembe kidogo cha kupigia bunduki. Kwa upinde, umbali unaotakiwa ni yadi 50 tu, na ardhi ileile inafunguka. Ndiyo maana kwenye mashamba madogo ya kusini mwa Pennsylvania mwenye upinde hukubaliwa haraka: hauna kelele, hauogopeshi ng'ombe, na mshale hauendi mbali kama risasi.

Mpaka nao una ukali wake. Kulungu aliyepigwa anaweza kukimbia mita mia moja au zaidi kabla ya kuanguka, na shamba jembamba huisha mapema. Akivuka kwa jirani, huna haki ya kumfuata hadi jirani akubali, hata kama unamwona amelala pale. Rangi ya zambarau kwenye miti, mistari ya wima, tangu mwaka 2020 ina nguvu ya kibao cha "usiingie" karibu jimbo lote. Mimi hutafuta namba za simu za majirani mwezi wa Agosti, nikajitambulisha. Jirani aliyeonana nawe mchana wa jua hakasiriki ukimpigia usiku wa Novemba.

Namna ya kuomba. Nenda kiangazi, usingoje msimu. Nenda mchana, si saa ya kukamua. Acha nguo za madoa ya msituni nyumbani, acha bunduki nyumbani, nenda peke yako au na mtoto wako, simama mbali kidogo na mlango baada ya kubisha. Huku hatuna "hodi", lakini adabu yake inaeleweka. Sema jina lako, unakokaa, unakofanya kazi, na unachoomba kwa maneno machache. Mkono wako uwe na karatasi: jina, simu, namba ya gari, silaha, tarehe, na mahali pa sahihi yake. Watu wetu wengine huona karatasi kama dharau, kwamba neno la mzee halitoshi. Huku karatasi inamlinda yeye na wewe. Akikukuta mtoto wake au afisa wa Tume, huhitaji kueleza.

Akikataa, mshukuru na umtakie mavuno mema. Mimi nilikataliwa mara nne kabla ya kukubaliwa. Mara moja niliona wazi kwamba ni lafudhi yangu na ngozi yangu iliyojibiwa, na iliniuma njia nzima ya kurudi. Sitamwambia mtu kwamba haitamtokea. Wa tano alikuwa mzee mwenye ng'ombe wa maziwa na mahindi. Aliniuliza nina watoto wangapi, kisha akaniuliza kama najua kuokota mawe. Sikuelewa. Alikuwa na maana halisi: kila machipuko mawe hutokea shambani na lazima yaondolewe kabla ya kupanda. Nilifika Jumamosi mbili za Aprili na mwanangu, tukajaza trela. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na sijaona mahali msemo huo unapokaa vizuri kuliko kwenye ruhusa ya kuwinda. Ruhusa hiyo haina bei ya dola, ina bei ya mikono na ya kukumbuka: geti lifungwe kama ulivyolikuta, gari lisikanyage ngano changa, ujumbe wa simu kila unapoingia na kutoka, kipande cha mnofu mlangoni kwake mnyama akipatikana, na usimlete binamu bila kuuliza. Hilo la mwisho limewapotezea watu wetu mashamba mengi. Kwetu mgeni wa mgeni ni mgeni. Kwake, ni mtu asiyemjua mwenye silaha.

Kukodi

Nitapita haraka. Vikundi hukodi haki ya kuwinda shamba au msitu kwa msimu, kwa bei inayohesabiwa kwa ekari, na kila mwanachama huchangia. Unapata utulivu na orodha ya majina inayojulikana. Lakini angalia jambo moja la kisheria. Sheria ya Pennsylvania ya mwaka 1966 inamkinga mwenye ardhi na madai ya ajali pale anaporuhusu watu kuwinda au kutembea bila malipo. Akichukua fedha, kinga hiyo inayumba, kwa hiyo atadai bima, na gharama hiyo itakuangukia. Ukimpelekea mkulima bahasha ya fedha kwa nia njema, unaweza kumvua kinga hiyo bila kujua. Mpelekee nyama, au keki, au mikono yako. Kukodi kunamfaa mwenye fedha asiye na muda wa kujenga ujirani, na anayewinda na wenzake watano au sita wanaoaminiana. Kwa mwindaji wa mwaka wa kwanza sioni faida yake.

Jumapili, nyama, na friji

Kwa zaidi ya karne moja Pennsylvania ilizuia uwindaji wa kulungu siku ya Jumapili. Jumapili tatu za mwaka ziliruhusiwa kuanzia 2020, na katazo lenyewe liliondolewa kwa sheria ya mwaka 2025, Tume ikabaki ndiyo inayopanga ni Jumapili zipi. Kwa mfanyakazi wa siku sita hii ni habari kubwa. Lakini kwenye ardhi binafsi Jumapili inataka ruhusa ya maandishi, na mashamba mengi ya Lancaster ni ya Waamishi, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, ambao Jumapili kwao ni ya ibada na mapumziko. Usiwaombe siku hiyo. Kama Jumapili ndiyo siku yako pekee, ardhi ya jimbo inakufaa zaidi, na hapo maelekeo yangu yote ya shambani hayana nguvu.

Nyama inaelemea upande wa shamba. Jike mkubwa hutoa kama kilo 20 za mnofu, na adui wake ni joto. Oktoba msimu wa upinde unaweza kuwa na mchana wa nyuzi 20. Shambani unamfikisha kwenye gari kwa dakika chache, na mkulima wangu huniachia kumning'iniza ghalani na kumkata mwenyewe. Ukitoka Potter na mnyama nyuma ya gari, utahitaji barafu nyingi, au utampeleka kwa mchinjaji wa huko, kazi inayogharimu dola mia na zaidi. Waislamu wajue pia kwamba soseji za kulungu kwa wachinjaji wengi huchanganywa na mafuta ya nguruwe. Omba vipande vitupu, au kata mwenyewe. Jina la Mungu linatajwa wakati wa kufyatua. Kuhusu mnyama utakayemkuta ameshakufa, muulize shehe wako kabla ya msimu, si ukiwa umesimama juu yake.

Popote utakapompata, ufunge lebo kabla ya kumsogeza, uripoti kwa Tume ndani ya siku 10, na uangalie kama uko katika eneo la ugonjwa uitwao CWD, unaoharibu ubongo wa kulungu hadi kumuua, uliogunduliwa Pennsylvania mwaka 2012. Katika maeneo hayo ubongo na uti wa mgongo havitolewi nje, na mnyama aliyepimwa akakutwa nao haliwi. Kagua mwili wako usiku huohuo utafute kupe. Jimbo hili lina wagonjwa wengi wa Lyme, ugonjwa unaoletwa na kupe.

Nani aende wapi

Anayeishi karibu na mashamba, mwenye upinde, mwenye subira ya kubisha milango kumi na Jumamosi mbili za kuokota mawe: shamba la mtu. Mwenye watoto wa kufundisha, pia shamba, kwa sababu mtoto anahitaji kumwona kulungu, si kumsubiri katikati ya umati. Ambaye zamu zake hazitabiriki, au anahamahama, au anatembea kwa raha: ardhi ya jimbo, na aende siku za katikati ya wiki, wiki ya pili, umati ukishapungua. Mwaka wa kwanza mimi ningefanya zote mbili, nikiwinda kwa jimbo huku nikiendelea kubisha. Jamaa aliye Texas asinifuate sana, maana kule zaidi ya asilimia 95 ya ardhi ni ya watu binafsi na kukodi ndiyo desturi. Aliye Maine atakuta desturi ya kale ambapo msitu binafsi usio na kibao huhesabika uko wazi, ingawa hata huko mwenye adabu hubisha.

Soya sasa imefika magotini. Pita barabara za mashamba jioni saa mbili, jua likiwa bado halijazama, utawaona wametoka ukingoni mwa msitu wakiwa saba, wanane. Angalia vizuri na upande wa pili wa uzio. Mara nyingi mwenye shamba yuko palepale, ameegemea trekta, anawahesabu.